Doa la Reli

Mteja akiniuliza begi lake litakuwa tayari lini, namtajia siku, na siku hiyo akija analikuta limening'inia msumarini likimngoja. Sijisifu, uliza mtu yeyote hapa Tassia. Mafundi wenzangu wote wana wimbo mmoja, wa kuja kesho, kuja kesho kutwa, gundi haijakauka, uzi umeisha. Mimi wimbo huo sitaki hata kuusikia. Ndiyo maana wananiita Mama Begi, na ndiyo maana wanarudi. Natanguliza hili kwa sababu kabla sijafika mwisho nitakuwa nimekiri uongo niliousema Alhamisi iliyopita, na sitaki mtu adhani ni mazoea yangu.

Alhamisi hiyo nilikuwa nakata mikanda, mlango wangu wa ghorofani wazi kama kawaida, akaingia Naliaka. Tulikuwa tumeonana wiki tatu kabla, Kimilili, kwenye mazishi ya Consolata, lakini mazishini watu hawaonani, wanasonga ugali na kuosha masufuria tu. Naliaka ni mwanangu. Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha miezi minane, halafu akalelewa na Consolata, dada ya baba yangu, ambaye kwetu tunamwita senge. Huyo ndiye aliyemwita mama. Ukweli aliambiwa alipokuwa kidato cha pili. Aliendelea kuniita Anti kama zamani, na mimi nikaendelea kuitika. "Habari ya hapa, Anti," akasema, akaweka begi mezani. "Kamba imekatika. Nikaona nikuletee wewe, si ni wewe uliishona." Hakuhitaji kuniambia. Nililijua kabla halijagusa meza, na lile doa jeusi lenye upana wa kiganja, limekata mfuniko kutoka kushoto mpaka kulia. Akalipitishia kidole. "Mama alikuwa anasema ulinipa hii kwa vile iliharibika. Eti hakuna mtu angeinunua." Wala hakusema kwa ubaya, alisema tu kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikaketi.

Mwaka nilioshona begi hilo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa Makongeni kwenye nyumba za reli, kwa Senge Rosa, dada mkubwa wa Consolata. Habari ya nilivyofika pale, na ya baba ya mtoto, niziache zilale, hazina utamu. Nyumba ilikuwa vyumba viwili na watu sita. Chumba cha mbele kilikuwa na kochi lenye vitambaa vya kufuma, meza, redio, pazia la maua mekundu lililotutenga na chumba cha Senge na mumewe, na kati ya kochi na meza nafasi ya godoro moja ambayo ilikuwa yangu na ya Naliaka. Vijana wawili wa Senge walilala upande wa pili wa meza, na mkubwa, Wycliffe, alikuwa anajitayarisha kwa mtihani wa darasa la nane, akisoma huku ameziba masikio kwa vidole kwa sababu ya kilio cha mwanangu. Mzee Barasa, mume wa Senge, alikuwa fundi wa mabehewa na alikuwa na kikohozi kisichoisha. Kila asubuhi Senge alimkamulia limau kwenye maji moto, kwa hiyo dirishani palikaa bakuli la malimau mwaka mzima. Na mlangoni palikaa kipande cha reli, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni, kizito mpaka unakishika kwa mikono miwili. Makongeni nyumba isiyokuwa na kipande cha reli haikuwa nyumba. Tulikitumia kuzuia mlango, kugongea misumari, kunyoosha sufuria zilizobonyea, na hasa kukandamiza nguo. Sisi hatukupiga pasi. Unatandaza sare ya shule ikiwa na unyevu kidogo, unaweka ubao, juu yake reli, asubuhi imenyooka kuliko ya mtoto wa mkurugenzi.

Agosti, nikifua nepi nyuma ya nyumba chini ya dirisha la chumba chao, nikawasikia. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, omena na ugali, nakumbuka kwa sababu harufu ilikuwa bado mikononi mwangu. Senge alikuwa anasema, "Mimi simfukuzi. Ni mtoto wa kaka yangu. Lakini Wycliffe akianguka mtihani utaniambia nini?" Mzee akakohoa, akasema, "Na yule mdogo wako asiye na mtoto, Consolata?" Kisha Senge, taratibu, "Nimefikiria hiyo. Tukienda nyumbani Krismasi tunaenda na mtoto. Msichana akiwa amepata kazi ya kukaa, ya kueleweka, basi, atatafuta chumba chake na ayaya wa kumwangalia mtoto. Asipopata, mtoto anaenda kwa Consolata." Jioni aliniambia maneno hayo hayo ana kwa ana, bila kuficha, akinipakulia mboga ya mrenda. Sikumchukia. Ningependa kusema nilimchukia, ingekuwa rahisi. Alikuwa ameniongezea mrenda kwenye sahani, akaniambia, "Kula, mayi, unanyonyesha." Mayi kwetu ni mama. Nilikula nikilia, nikihesabu miezi.

Kazi yenyewe nilikuwa nimeanza kuinusa tangu Juni. Nyuma ya estate, ukielekea Jogoo Road, kulikuwa na kibanda cha mabati cha fundi wa ngozi aliyeitwa Mutiso, Mkamba mnene mwenye sauti nyembamba, mzaha mwingi na hasira za ghafla. Ndugu zake wote walikuwa wachonga vinyago, yeye peke yake ndiye aliyeacha miti akafuata ngozi, "kwa sababu ngozi haina vumbi, ina harufu tu, na harufu huzoeleka." Aliniruhusu kukaa na mtoto mgongoni nikijifunza bila mshahara, pamoja na kijana wa Kayole, Odhis, aliyekuja kila siku na kofia ileile. Nilijifunza kuchora kwa kielelezo cha katoni, kukata kwa pigo moja la kisu bila kurudia, kutoboa kwa msharasi matundu yanayolingana, kushona kwa sindano mbili zinazopishana kwenye tundu moja na uzi uliopakwa nta. Nilijifunza rangi. Unga wa rangi uliyeyushwa kwenye spiriti, ukapakwa kwa kipande cha sweta kuukuu, mkono ukizunguka na kuzunguka bila kusimama, maana ukisimama ngozi inakunywa pale uliposimama na kubaki na alama. Mara tatu, kila mara ikikauka kivulini, ndipo unapaka mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na nta. Vidole vyangu vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye viganja, na nikimshika Naliaka kwa haraka namwachia alama za vidole mashavuni. Mutiso alikuwa akimwona anacheka: "Mama Naliaka, huyu pia umeshampiga rangi ya kwanza, bado mbili!" Alipenda kuniita hivyo, Mama Naliaka, na mimi nilipenda kuitwa.

Kitu kimoja nilikiona na sikukiuliza. Mle kibandani hapakuwa na chuma, ukiondoa visu na misharasi. Nyundo zake zilikuwa za mbao, alizochongewa na ndugu zake, na vipande vilivyolowa alivikandamiza kwa bamba la jiwe. Nilidhani ni umaskini. Kusema kweli nilidhani ni ushamba, mapenzi ya Mkamba na mbao zake. Sisi watoto wa reli tulijua chuma ndiyo kazi.

Oktoba fundi mmoja wa pale alipata kibarua kwingine, stuli yake ikabaki wazi. Mutiso akatuita mimi na Odhis. "Stuli ni moja," akasema. "Kila mtu atatengeneza begi lake, kutoka ngozi mpaka rangi, peke yake. Mwisho wa Novemba nitaangalia. Na mjue, begi la kwanza la fundi haliuzwi hapa. Utampa mtu. Sitaki kuliona tena." Hiyo ilikuwa desturi ya kibanda chake, alisema mtu akiuza begi lake la kwanza atakuwa anashona kwa jicho la mteja maisha yake yote. Basi nilishona. Kuna mambo mengi sikuyaweza mwaka ule, lakini kushona niliweza. Nilishona Naliaka akinyonya, nilishona akilala mapajani, mishono midogo iliyobana, kila mmoja nikiuambia, huyu haendi, huyu haendi. Senge alikuwa akipita ananyanyua kile kitambaa nilichofunikia, anatazama, anasema, "Aki hii kazi ni safi," na nilijua anaombea kimoyomoyo nishinde, kwa sababu yeye pia hakutaka kuwa mtu wa kumbeba mtoto wa mwenzake kumpeleka kwingine.

Jumapili ya mwisho begi lilikuwa limebaki mfuniko tu. Kibanda hufungwa Jumapili, kwa hiyo Jumamosi nilikuwa nimerudi nyumbani na vipande pamoja na chupa ya rangi. Mfuniko unaloweshwa kwanza, unakandamizwa unyooke, ndipo unakubali kupinda vizuri. Bamba la jiwe sikuwa nalo. Nilikuwa na reli. Hata sikufikiri. Sikuweka ubao juu ya ngozi kama tunavyoweka kwa nguo, kwa sababu ubao ulikuwa bado juu ya suruali ya Wycliffe. Nikatandaza ngozi mezani, ikiwa imelowa, rangi yake ya chai ya maziwa mengi, nikainyanyua reli kwa mikono miwili na kuilaza juu. Tukaenda kanisani. Ibada ilikuwa ndefu, na niliimba. Niliimba kwa sauti kwa sababu nilikuwa nimemaliza.

Tuliporudi nikainyanyua reli. Chini yake ngozi ilikuwa nyeusi. Si chafu, nyeusi, ya buluu kwa pembeni kama wino, umbo la reli limelala pale limenyooka kama limechorwa kwa rula. Nilisikia sauti, nikagundua ni yangu. Senge akaja mbio akidhani mtoto ameungua. "Ni nini?" "Ni reli, Senge, ni reli." Akavua kitenge cha kanisani, akakunja mikono. Tulisugua. Tulianza na sabuni ya kipande, doa likazidi kukolea. Senge akaleta waya wa kusugulia sufuria, akasugua yeye mwenyewe kwa nguvu zake zote, jasho likimtiririka, na kila aliposugua likawa jeusi zaidi. "Toka, shetani, toka," alikuwa anasema. Mzee Barasa alikuwa ameketi na kikombe chake cha maji ya limau, anatutazama, anakohoa. Bakuli lilikuwa dirishani. Ukinyoosha mkono kutoka pale tulipopiga magoti ungelifikia.

Nilipaka rangi hata hivyo, ningefanya nini? Kahawia mara tatu, nikaongeza ya nne. Doa likapanda juu ya rangi zote. Usiku nikaushonea mfuniko begini, Jumatatu nikampelekea Mutiso. Alilichukua, akaligeuza ndani nje, akavuta mishono kwa kucha, mmoja mmoja, akainua macho akamwambia Odhis, "Kuja uone mshono. Wewe huna mshono huu." Kisha akaligeuza mbele. "Uliweka chuma," akasema. Nikaitika kwa kichwa. "Hii ngozi imepikwa kwa magome ya miwati, Mama Naliaka. Ikiwa na maji ikigusana na chuma inakuwa wino. Sabuni inaongeza. Mbona hukukamulia limau?" Nikamwuliza, limau? "Limau moja tu, kabla ya rangi. Linatoka ukiliona." Nilicheka. Nilicheka mpaka Odhis akavua ile kofia yake, sijui kwa nini, labda kwa hofu. Nikapiga magoti kwenye vipande vya ngozi sakafuni, nikashika mguu wa meza, nikamwambia, fundi, watamchukua mtoto wangu. Mutiso akageuka upande. Sauti yake ilikuwa nyembamba zaidi. "Stuli ni moja, na huyu amemaliza safi. Nikivunja sheria leo nitamwambia nini?" Kisha akasema, "Uje mwaka mpya. Nitaangalia." Odhis alikuwa analia kuliko mimi.

Walisafiri wiki moja kabla ya Krismasi, asubuhi. Mimi sikwenda, Senge alisema nikienda sitarudi, na alisema kweli. Nilimwogesha Naliaka kwenye karai, nikamsugua shavu lakini alama ya kidole changu haikutoka, rangi ya spiriti inakaa siku nyingi. Nikachukua lile begi. Haliuzwi, unampa mtu. Nikaweka nepi, shali, chupa, na kile kitambaa alichozoea kukishika akinyonya. Senge akalivaa begani, akanichukulia mtoto mikononi, akasimama pale karibu na reli ya mlangoni. "Mayi, nisamehe," akasema. Naliaka alikuwa anachezea kamba ya begi. Hakulia. Alidhani anabebwa kwenda dukani. Jioni maziwa yalilowesha blauzi yangu mpaka kiunoni, na Wycliffe, ambaye alikuwa amebaki nami, mtihani wake umekwisha, alinipikia uji akaniwekea mlangoni.

Kwa miaka mingi hapo ndipo nilipokatiza hadithi hii, penye limau, maana limau ukililaumu halijibu. Lakini siwezi kuishia hapo tena. Machi Odhis alipata kazi kwingine, na Mutiso, alivyosema, akanipa stuli. Pasaka nikaenda Kimilili kumchukua mwanangu. Nilimkuta anasimama kwa kushikilia ukuta. Aliponiona akatambaa mpaka kwenye sketi ya Consolata, akajifunika uso. Nilipomshika alilia mpaka akatapika. Consolata aliketi kwenye kigoda chake, mikono mapajani, uso umemkauka, akasema, "Mchukue. Ni wako. Sitakuzuia." Na hakunizuia. Ni mimi niliyesema, "Wacha anizoee kwanza. Nitakuja Agosti." Agosti ilipofika nikasema Desemba. Desemba chumba kilikuwa kidogo, mwaka uliofuata ayaya hakupatikana, kisha alikuwa ameanza nasari, kisha alikuwa anamwita mtu mwingine mama na kuitika kwa furaha. Kuja kesho, kuja kesho kutwa. Naujua wimbo huo vizuri kuliko fundi yeyote wa Nairobi, ndiyo maana nimekataa kumwimbia mteja.

Haya yote nilimwambia Naliaka Alhamisi, na Pasaka pia, sikuruka kitu. Nilimwambia hapakuwa na begi lingine zuri nililoficha, hilo ndilo lilikuwa peke yake, na halikuwa la kuuzwa. Alisikiliza akiwa amesimama. Chai niliyommiminia ikaganda utando juu. Mwishowe akauliza, "Uko na limau?" Nikamwambia ninalo, kwenye kikapu cha mboga. Akalileta mwenyewe, akalikata kwa kisu changu cha ngozi, kitu ambacho simruhusu mtu, akanipa nusu. Nikakamulia juu ya doa, nikasugua kwa kitambaa, mkono ukizunguka bila kusimama. Akainama karibu, nikamsikia anavyopumua. Tulingoja. Upande wa kushoto, pembeni kabisa, doa lilififia kidogo, upana wa ukucha. Kwingine kote lilikaa vilevile. Mafuta ya miaka ishirini na minne yamelifunga ndani. "Limechelewa," nikasema. Naliaka akachukua kitambaa mkononi mwangu, akapangusa maji ya limau taratibu mpaka ngozi ikakauka.

"Ni sawa, Anti," akasema. Akatazama saa. "Kamba itakuwa tayari lini?"

Kamba ile ilikuwa imekatika penye pete tu. Ni mishono kumi na miwili. Meza yangu ilikuwa tupu na uzi ulikuwa tayari una nta.

"Jumamosi ya wiki ijayo," nikamwambia.

Akanitazama. "Si watu wanasema wewe huchelewishi?"

"Kazi zimejaa," nikasema.

Akatazama ile meza tupu, akatazama misumari isiyo na kitu ukutani, akachukua mkoba wake mdogo. "Haya basi. Jumamosi." Nilimsikia akishuka ngazi mpaka chini.

Nilimaliza kamba kabla hajafika stendi. Begi limening'inia hapa msumarini sasa, linanukia limau. Jumamosi akija nitamwambia gundi bado haijakauka.